Kazi Ndogondogo

Ngamiani barabara zetu zina namba, si majina.
Ofisi yetu iko ya kumi na tatu, juu ya duka la vitasa na bawaba,
na kila anayekuja kujifunza Javaskripti
humwambia: hesabu uanzie sifuri.
Hucheka. "Dada Mwanasiti, barabara ya sifuri iko wapi?"
Ni hapo uliposimama kabla hujavuka, nasema,
nami nusu ya siku siamini jibu langu.

Faili lilianza kwa nafasi moja tupu.
Si fumbo. Nafasi, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba,
ilijibanza nyuma ya jina la Mzee Shekalaghe wa Muheza:
magunia themanini ya machungwa, na pesa haijafika,
kwa kuwa mashine iliona watu wawili,
Shekalaghe, na Shekalaghe mwenye mkia wa hewa.
Akaja mwenyewe. Siku mbili akaketi ngazini
anamenya machungwa yake, anatugawia,
hata sauti hakupandisha.
Heri angetutukana.
Usiku wa pili nikaandika mistari mitatu:
pokea jina, kata ncha zote mbili, rudisha.
Nikaiita pangusa.

Ya pili ililetwa na namba za simu.
Kuna aanzaye na sifuri, kuna aanzaye na mbili-tano-tano,
kuna aliyeweka herufi O kwa imani njema,
kuna aliyeandika "muulizeni Hiza."
Hiyo nikaiita nyoosha.
Kwa Hiza ilibidi twende kwa miguu.

Kisha chekecha, ya kutoa pumba kwenye safu.
Kisha fungu, ya kukata mia ziwe kumi kumi.
Kisha subiriKwanza, kwa ajili ya wale
wanaobonyeza kitufe mara saba
kama wanagonga mlango wa choo.

Ndani ya kila moja vigezo vinaishi kwa desturi ya mji:
waja leo, waondoka leo.
Iulize kazi jana ilipewa nini, haikumbuki.
Ipe kilekile, itakurudishia kilekile.
Natamani ningesema hivyo juu ya ndugu zangu.

Mbwambo, kijana wa mafunzo, hajaridhika.
"Duniani yapo makubwa, ya bure. Kwa nini tushone letu?"
Tulishusha moja, namwambia, likaja na jamaa zake mia tatu,
na jamaa wa jamaa, wote wakalala kwetu,
nasi tulikwenda kuazima sindano.
Hakukubali. Na huenda ana haki:
mwezi wa tatu ile panga yangu ilisoma namba kama maneno,
ikaweka kumi mbele ya mbili,
na mpeleka ankara za maji akatoka barabara ya kwanza
akaruka hadi ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili,
akapita chini ya dirisha letu, akaenda mpaka ya kumi na tisa,
ndipo karatasi ikamrudisha ya pili,
saa tisa alasiri, shati limegandana na mgongo.
Nilimnunulia soda mbili. Nikarekebisha herufi sita.

Mwishoni mwa faili, mstari wa mia mbili na sita,
ipo moja ya Mbaruku, aliyekaa meza ya dirishani
kabla hajaacha haya yote akafuge kuku Pongwe.
(Bado namdai elfu arobaini.)
Haiitwi na kazi nyingine yoyote.
Mbwambo ameiwekea alama: ifutwe.

Saa nne usiku, umeme umerudi, feni imeanza kulalamika.
Naiita mwenyewe.
Haipokei kitu. Inarudisha neno moja:
Umekula?

Bado.
Nikaondoa alama ya Mbwambo,
nikashuka kutafuta mishikaki.