Pepe

Dundee, Januari. Saa tisa na nusu alasiri
na jua limeshafunga duka.
Katika chumba nyuma ya depo ya mabasi
Moira ananivisha miwani mizito kama kopo la grisi,
anakaza mkanda kisogoni, juu ya ushungi,
ananiuliza kama naona.

Naona.
Basi la ghorofa mbili linaning'inia
bila jeki, bila vumbi, bila tone la mafuta.
Niko chini yake, nami nimesimama wima.
Mikono yangu imekuwa ya bluu, haina kucha,
haina lile kovu nililopewa na feni ya lori, Korogwe.

Uhalisia pepe, ndivyo tunavyouita kwetu,
na mie, mjukuu wa mpepetaji, nacheka peke yangu:
pepe ni punje isiyo na kitu ndani,
ungo huirusha, kuku huidharau.

Kagua breki, inasema sauti.
Nakagua. Pedi, diski, hosi ya upepo.
Hakuna joto. Hakuna harufu.
Baba alinifundisha kugonga nati kwa nyundo ndogo
na kusikiliza:
iliyokaza hulia ting',
iliyolegea husema du, kama mtu aliyekatizwa usingizi.
Humu zote zinalia sawa,
sauti moja, iliyorekodiwa siku moja
na mtu aliyekuwa na haraka.

Ufa ukanipita.
Nyuma ya springi ya kushoto, mwembamba kama unywele.
Basi likaondoka, likateremka Hilltown
juu ya barafu, lisisimame.
Kisha maandishi mekundu, yenye adabu zao:
Abiria arobaini na mmoja. Bonyeza hapa uanze upya.

Nikabonyeza.
Ndiyo hivyo tu? Nabonyeza?

Lori la mkonge la Mzee Shekiondo lilikuwa na ufa uleule.
Utingo wake, Sefu, alikuwa anajifunza
kupiga mluzi kwa vidole viwili.
Baba alikitafuta kitufe hicho miaka kumi na tisa,
kwenye sijda, kwenye sahani ya wali uliopoa.
Nyundo akanipa mimi.

Mara ya nne nikauona.
Mara ya saba nikauona kabla sijautafuta.
Moira akaandika alama, akanipa chai yenye maziwa mengi mno.

Saa kumi na moja alfajiri. Basi la kweli,
limelowa chumvi ya barabarani, linanuka.
Nimelala chali, tochi mdomoni,
na macho yanakwenda yenyewe
nyuma ya springi ya kushoto.
Salama.
Nageukia magurudumu na nyundo ya baba.
Ting'. Ting'. Ting'.
Ya nne inasita kidogo kabla ya kulia.

Naigonga tena.

Dougie, dereva, anapigapiga miguu chini kwa baridi.
Ananyoosha karatasi niitie sahihi.

Subiri, namwambia.