Zamu ya Maji

Baba alipokufa, mama ndiye aliyegawa zamu za mfongo kule Uru.
Wanaume walinung'unika msimu mmoja, wakazoea.
Majina arobaini na mawili, hakuandika hata moja.
Ukiiba robo saa alijua:
alivua kandambili, akakanyaga udongo chini ya migomba yako.

Kisha akaanza kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Alivaa sweta mbili, na ilikuwa Januari,
Moshi mjini lami inanata viatuni.
Sauti ikawa nzito, uso ukamvimba,
kijiko kikachukua asubuhi nzima kufika mdomoni.
Jirani akasema, uzee huo.
Shemeji akasema, ni mambo ya kihamba, kuna mtu.
Mimi nilikuwa na neno langu, baya kuliko yote;
nililimeza, likakaa.

Daktari kijana alimpapasa shingo
kwa vidole viwili, kama apimaye parachichi sokoni.
Akatoa damu. Siku ya nne akanionyesha namba:
"Tezi imelala. Homoni haitoki.
Ubongo uko huku chini unasubiri, hauletewi kitu."
Hakujua amesema lugha ya nani.

Kidonge kidogo, nusu saa kabla ya chai.
Wiki sita, kimya.
Wiki ya kumi na moja, kutoka kitandani:
"Ndeonasia, sukari umeificha wapi?"
Nililia jikoni, nikausingizia moshi wa kuni.

Majina yamerudi thelathini na moja.
Nimeyahesabu kwa vidole, jioni baada ya jioni,
akiyataja kutoka chanzo kushuka: kwa Mushi, kwa Ngowi,
kwa yule mjane wa ng'ambo ya korongo.
Kumi na moja hayajarudi.
Daktari anasema namba sasa ni nzuri,
na hayo mengine huenda si kazi ya tezi. Huenda.

Mimi nina hamsini na tatu.
Usiku naamka shuka limelowa.
Juzi nilitafuta funguo nyumba nzima
nimezishika mkononi.

Mfongo ulikauka zamani; tuna bomba, tuna mita, tuna bili.
Lakini alfajiri mama huketi, miguu chini sakafuni,
anasikiliza.
"Leo zamu ya nani?"

Sijamjibu.
Karatasi ya vipimo vyangu imo mkobani,
bado imekunjwa.