Mwenyeji

Anaeli aliupanda mwaka tuliostaafu,
mche wa kiganja kimoja ndani ya kopo la rangi.
Alisema Nkoaranga isinunue tena mafuta dukani,
wagonjwa wapakwe kilichotoka udongoni kwetu.
Miaka kumi na moja ukala samadi bila kutoa ua.
Yeye hakuisubiri yote; alilala wa tisa.

Mwaka huu umezaa.
Nilizihesabu: zeituni mia mbili na kumi na nne.
Nikamwambia mchungaji atafute kichupa.

Mwezi wa tano, ukungu ukiwa bado mgombani,
nikaona kitone juu ya ganda.
Nimechoma watu sindano miaka thelathini na nne,
naujua mkono uliozoea kazi:
hauchani, haumwagi damu,
unaacha tundu dogo
na jambo lote linabaki ndani.

Nikapasua moja kwa wembe.
Funza mweupe amechimba njia kuzunguka kokwa
kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Bwana shamba, kijana wa kina Nnko,
akaleta chupa za soda, hamira na maji.
Tukatundika. Nzi wakaja kunywa,
mabawa ya kioo, doa moja jeusi nchani,
wakafa kumi, ishirini.
Wengine wakapita pembeni
kama waumini wanaoukwepa mfuko wa sadaka.

Nikamgombeza marehemu, kwa sauti, peke yangu uani:
Mti wako wa ng'ambo umetuletea mdudu!

Ngoto Lemayani, aniletaye maziwa kila Alhamisi,
akaibinya zeituni kwa ukucha, akacheka.
"Huyu? Namjua. Anakaa kwenye oloirien,
mti tunaofukizia vibuyu.
Matunda yake madogo, funza wake ndiye huyuhuyu."
Akaonyesha kwa kidevu, juu, msituni.

Kumbe hakuletwa. Alikuwepo.
Sisi tulitandika meza mlangoni pake
kisha tukauliza nani kamwalika.

Zilibaki thelathini na saba zisizo na alama.
Nimezitwanga, nikakamua kwa kitambaa cha chachi:
kijiko kimoja na nusu, mafuta machungu, ya kijani.
Mchungaji akakiinua kichupa kwenye mwanga.
"Mama Akyoo, ni safi haya?"
Nikasema ni safi.

Nilizichambua jioni, umeme umekatika,
na miwani sikuwa nimevaa.