Kinu cha Kuazima

Pakiti ya dukani niliifungua Jumatatu,
nikanusa, nikanusa tena,
nikampa Obiero anuse.
"Kuna kitu hapo," akasema, "kama vumbi la mbao."
Shilingi themanini, vumbi la mbao.

Basi Jumapili nikashuka Kibuye,
noti mbili nimezifunga kwenye pindo la leso.
Mdalasini nikataka wa magome, si wa unga;
unga huficha mengi.
Pilipili manga. Tangawizi kavu, vidole vya ajuza.
Kungumanga moja tu, ngumu kama goti la mbuzi.
Iliki nikaifuata kwa Hasmukh, nyuma ya soko la Jubilee,
akanipimia kama anayepima dhahabu,
akageuza uso pembeni ili apumue,
pumzi isije ikapeperusha faida.

Nyumbani stima imepotea.
Migosi nzima kimya,
mashine ya kusagia imekaa mezani
kama mkwe aliyenuna.

Nikabisha kwa Mama Mukoya.
Kinu anacho, alitoka nacho Butere akiwa bibi harusi,
ila kinu kina kumbukumbu:
kitunguu saumu cha miaka kumi na mitatu.
Nikatwanga kwanza mchele mbichi, konzi moja,
nikawamwagia kuku wa mlinzi,
nikatwanga konzi ya pili,
mpaka kinu kikasahau.

Kisha kikaango, moto mdogo.
Hapa saa haikusaidii, wala kijiko.
Unangoja harufu ibadili sauti:
mwanzo inanong'ona,
halafu inakuita kwa jina,
na ikianza kupiga kelele, umechelewa.

Nimewahi kuchelewa.
Mwezi wa nne, nikisikiliza matangazo ya vifo redioni,
nikaunguza mdalasini,
na karafuu nikatia kijiko kizima,
nikidhani ukarimu ni fadhila kila mahali.
Mama Mukoya alikimaliza kikombe kwa heshima,
akaja kuniambia akiwa mlangoni, viatu mguuni:
"Jino langu la nyuma linakushukuru."

Karafuu haijui haba na haba.
Unaikaribisha moja, inaleta ukoo.
Leo ni saba. Nimezihesabu kwenye kiganja,
nikazihesabu tena kama mtu anayerudishiwa chenji.

Iliki arobaini, nazipasua kwa kucha,
mbegu ndani ya kinu,
maganda ndani ya mkebe wa majani ya chai,
yakalale humo, yana kazi yao.

Twanga.
Wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio,
mara tatu, kwa hasira.
Nikafuata mpigo wake,
sikuwa na mwingine.

Twanga, chekecha kwa chujio,
kilichobaki kirudi kinuni,
kichwa kigumu hutwangwa mara mbili.
Kungumanga naikwaruza mwisho, kidogo,
kwa upande wa kikwaruzio ninaouogopa.
Awino akapiga chafya ngazini,
hajafika hata mlangoni.
"Mama," akaita, "leo tunakunywa nini?"

Nimejaza chupa iliyokuwa ya jemu.
Picha ya stroberi imekataa kubanduka.
Na ikae.

Kinu hakirudishwi kitupu,
Butere wanajua, na kwetu Gem pia.
Nikakipeleka na vijiko vinne, nimevifunika kwa sahani.
Mama Mukoya akachovya kidole,
akaramba,
akafumba macho muda mrefu kuliko sala ya chakula.

"Tamu," akasema.
Nikangoja.
"Karafuu tu. Ungeongeza kidogo."

Nimerudi. Stima bado.
Kwenye kalenda, kando ya deni la maziwa,
nimeandika kwa mwanga wa simu:
iliki arobaini, karafuu saba.
Nimesimama hapo na kikombe mkononi.
Nimekata saba.
Nimeandika nane, kwa penseli.