Dakika Tatu

Songwe, kipupwe. Ukungu umelala juu ya lami
kama ng'ombe asiyetaka kuamshwa.
Ambokile anapasha injini. Mimi nahesabu:
mipira, mashoka, mitungi, povu,
makoti ya fedha yaliyoning'inia misumarini
yakingoja miili.

Kila alfajiri tunarusha maji hewani, bure,
bomba lisije likasahau kazi yake.
Maji yanapanda, yanapinda, yanarudi yakiwa baridi maradufu.
Mtoto wa mlinzi hupiga makofi.

"Umezima mioto mingapi?" huniuliza shangazi kule Vwawa
akinipakulia kande.
Miaka sita, shangazi. Hata mmoja.
Hucheka mpaka mwiko unamtoka:
"Serikali inakulipa kuutazama moto!"
Nami hula, kwa sababu hajakosea sana,
na kwa sababu kande zake hazina mfano.

Siku ile moshi uliota nje ya uzio,
ng'ambo ya korongo, ambako ukungu ulishafunguka.
Mweusi. Haukuwa na haya.
Simu ya kituo ikalia. Ikakatika. Ikalia.
"Nyie wa uwanjani! Ghala la Mama Nzowa!
Mna gari, mna maji, tunawaona mmesimama!"

Na mnara, katika sikio la pili:
ndege iko juu, abiria sabini na wawili,
inazunguka ikitafuta tundu kwenye ukungu.
Ndege haitui uwanja usio na zimamoto.
Sheria hiyo ni fupi,
haina hata mkato wa kuvutia pumzi.

Ambokile, ambaye jina lake kwa kwao ni "ameniokoa",
aliushika usukani kwa mikono miwili,
gari likinguruma palepale,
macho mbele, kama mtu aliye safarini.
Mimi nilishika saa.
Dakika tatu, ndizo tulizopewa
kufika mwisho wa lami ndege ikianguka.
Mazoezini tunafika kwa mbili na sekunde arobaini.
Hakuna aliyetufundisha
namna ya kukaa dakika ishirini na sita.

Nilihesabu ndoo. Kwa mbali nilihesabu
mikono iliyopokezana kutoka kijitoni,
khanga, kofia ya sufu,
mtu mmoja anakimbia na sufuria.
Halafu paa likaketi.
Halikuanguka. Liliketi,
kama mtu aliyepewa habari.

Ndege ikatoboa ukungu, taa kwanza,
matairi yakapiga ukelele mmoja, yakanyamaza.
Wakashuka wamekunja shingo, wakiilaani baridi,
huyu anajipiga picha, yule anauliza choo kiko wapi.
Hakuna aliyetuona.
Ndivyo inavyotakiwa.

Turuhusiwe? Mkafunguliwa, akasema mnara, saa tatu na robo.
Tulivuka korongo na lita elfu sita
tukayanywesha majivu.
Ndani yake mahindi bado yalikuwa yakilia, pa, pa,
mengine yamepasuka kuwa bisi,
meupe kabisa, kama ya watoto wa shule,
na kuku walishaanza kuyafuata.

Mama Nzowa hakututukana. Heri angetutukana.
Aliuliza, "Wale wa kwenye ndege, wamefika?"
Wamefika, mama.
"Walikuwa wangapi?"
Sabini na wawili.
Akahesabu kitu vidoleni, sijui nini,
magunia labda, labda miezi,
akaishiwa vidole,
akainama kuokota sufuria ya mtu.

Ambokile aliviringisha mpira peke yake.
Hakutaka nimsaidie.

Jumapili shangazi ataniuliza tena,
mwiko mkononi, kicheko kimeshaandaliwa.
Sijaamua bado kama nitasema hata mmoja,
au nitasema mmoja, shangazi,
niliutazama.