Konzi ya Mchele

Binti yangu Rinmawii ameniandikia kutoka Bengaluru,
anakotengeneza programu za benki ya watu asiowajua:
Baba, fungu la kumi nilikate kabla ya kodi ama baada?
Na mkopo wa pikipiki, je, unahesabiwa?
Mwenzangu wa chumba anasema zaka ilikwisha pamoja na hekalu.
Mchungaji wa huku anasema nisipotoa namwibia Mungu.
Wewe ni mweka hazina. Nijibu kwa kifupi.

Kwa kifupi siwezi.

Miaka kumi na tisa nimehesabu bahasha za kanisa letu
hapa Aizawl, ambapo nyumba zimeng'ang'ania mlima kama kupe;
Jumatatu jioni, mimi na Pu Hrangthanga,
na chai iliyopoa.
Najua mwandiko wa kila nyumba.
Najua nani hutoa kumi kamili, mpaka sarafu ya mwisho,
kisha humkata kibarua wake ujira wa siku ya mvua.
Najua nani huandika jina kwa wino mzito
kwa kuwa majina husomwa mwisho wa mwaka
(na msomaji ni mimi; sauti yangu
hupanda kidogo nikifika kwenye langu).
Najua pia bahasha moja isiyo na jina.
Noti zake zinanuka samaki wa kukaushwa,
na hesabu yake haijawahi kugawanyika kwa kumi.

Maandiko nimeyapekua. Nabii yuko na ghala lake,
mtume yuko na moyo wake uliokunjuka.
Na Yule mwenyewe aliwakemea waliopima mnanaa
huku haki wakiiruka kama dimbwi,
wala hakuwaambia wautupe mnanaa.
Hapo ndipo hukwama kila mara,
kwenye mnanaa.

Basi nikupe nilichokiona.

Bibi yako Thangzami hakuwahi kupokea mshahara.
Kumi ya kitu gani angetoa?
Kila alipopika alipima mchele wa sisi saba,
akauingiza mkono tena, akachota konzi moja,
akaitia kwenye debe la bati kando ya meko.
Debe la Mungu. Asubuhi konzi, jioni konzi.
Jumamosi akina mama wa kanisa walipita na gunia.
Hakufumba macho, hakuomba kwa sauti;
mara nyingi alikuwa akitugombeza huku akichota.

Mwaka ule mianzi ilipochanua
panya walishuka kama maji,
wakala mpunga shambani, wakala ghalani, wakala mbegu.
Tukachimba viazi mwitu.
Mchele ukipatikana, ulikuwa wa kikombe,
na konzi bado ikatoka, ila ndogo:
vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi.
Nilimchukia Mungu kwa vidole vile vitatu.
Nakwambia kweli, nilimchukia.

Usiku mmoja Pi Kapchhungi, jirani,
akaja mlangoni na mtoto aliyekwishaacha kulia.
Mama hakumuuliza neno.
Alilifuata debe, akaliinamisha lote,
akapika uji palepale, kwa kuni zetu.
Baba akasema: Huo ni wa kanisa. Jumamosi utawaambia nini?
Mama, bila kugeuka, akikoroga:
Nitawaambia umefika.

Yule mtoto siku hizi ni fundi wa mabomba,
ibadani haonekani, na bomba letu bado linavuja.
Sitakudanganya kwamba uji ule ulizaa mtakatifu.

Sasa swali lako.
Kabla ya kodi ama baada, mwanangu, sijui.
Mimi hukata kabla, nusu kwa imani, nusu kwa woga,
na woga sijawahi kuutolea risiti.
Kumi si mbaya kwa mkono usiozoea kufunguka.
Lakini ukishaihesabu ukajisikia umemaliza,
rudi, hesabu upya, umekosea.

Naacha hapa. Mama yako yuko jikoni.
Nasikia kikombe kikikwangua mchele: kimoja, viwili,
vya sisi wawili tuliobaki.
Kisha kimya.
Nimeinua kalamu, nasikiliza
kama mkono utarudi ndani.