Mara ya Saba

Kiwandani Samut Sakhon nilikuwa jicho.
Miaka kumi na tisa makopo ya dagaa
yakipita mbele yangu juu ya mkanda,
nami nikiyahesabu kwa midomo bila sauti,
sitini kwa dakika, lililobonyea nalitoa.
Mkanda ulipozimwa, mimi sikuzimika.
Nilihesabu ngazi za nyumba ya kupanga,
punje za wali zilizobaki ukingoni mwa bakuli,
kikohozi cha mama upande wa pili wa ukuta,
hadi usiku ule kilipokoma
nami nikakaa kusubiri kinachofuata.

Ndiyo maana nimekuja huku Loei kwa basi la usiku,
siku kumi, nguo nyeupe za kuazima,
simu yangu imefungiwa kwenye debe la biskuti
pamoja na simu za wenzangu.
(Ya mtu mmoja ililia humo mpaka chaji ikaisha.)

Mtawa Bunruang, kipara, sikio moja zito,
alinionyesha kibanda changu juu ya nguzo nne,
chandarua, jagi, ufagio.
"Fuata pumzi," alisema. "Ikiingia, jua imeingia.
Ikitoka, jua imetoka. Basi."
Nikauliza: ngapi kwa siku?
Akacheka mpaka akashika mbavu,
au hakunisikia vizuri, akacheka kwa adabu.

Siku ya kwanza: pumzi elfu moja mia nne na tatu,
kisha mguu ukaingia ganzi, hesabu ikanipotea,
nikalia kama mtu aliyeibiwa.

Siku ya pili siisimulii.

Siku ya tatu, mvua.
Sisimizi walihama, kila mmoja na yai lake mdomoni,
wakaufanya wayo wangu daraja.
Sikuwahesabu. La, nasema uongo:
nilifika mia mbili, ndipo nikahisi
kwamba wananitekenya, kwamba wayo ni wangu,
kwamba niko hapa.

Ilidumu kiasi cha kumeza mate.

Kengele hulia saa tisa za usiku.
Ukungu huingia ukumbini bila kuvua viatu.
Tunaketi thelathini na wawili (naam, nilihesabu),
dereva wa lori, mwalimu mstaafu, kijana aliyeachwa,
tumefumba macho kama watoto wanaojificha
wakidhani hawaonekani.
Tumbo la mtu linanguruma. Langu linajibu.

Huku kwetu yule mjusi mkubwa wa darini
huita jina lake mwenyewe, tok-ke, tok-ke,
na anayemsikia huhesabu.
Akiita mara saba, umepata bahati.
Mama aliingoja saba maisha yake yote.
Tano, sita, mjusi ananyamaza,
mama anageuza mto, anasema: kesho.

Usiku wa nane aliita juu ya chandarua changu.
Moja.
Mbili, na sauti yake ina mkwaruzo wa bawaba kavu.
Tatu. Matone kwenye majani ya mgomba.
Nne. Mama.
Tano. Mama, mto wako bado unanukia mchaichai,
sijaufua.
Sita.

Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Niliungoja mshindo. Haukuja.
Alikuja chura mmoja, mbali, bondeni,
kisha pumzi yangu ikaingia, haina namba mgongoni,
ikatoka
kama paka apitavyo mlangoni, bila kuaga,
na nyuma yake palikuwa na nafasi,
wala sikuijaza.

Huenda mjusi aliita tena. Huenda ilikuwa ya saba.
Mimi sikuwa tena mlangoni na daftari.

Asubuhi Mtawa Bunruang alinikuta nafagia njia,
majani ya msaji, mapana kama sinia,
yakidondoka nyuma yangu nilikokwisha kufagia.
"Mangapi?" akanitania, kiganja sikioni.
"Hili," nikasema,
kwa sauti kubwa, kwa ajili ya lile sikio zito.